Nilivyojifunza kumpima bonge wa laini ya ulinzi kabla hajaenda NFL

Wadau, kuna washkaji wananiuliza nawezaje kusema dogo fulani wa chuo atatoboa NFL, ile ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, wakati futiboli ya Kimarekani yenyewe nimeikuta ukubwani huku Marekani, basi leo nafunguka. Naongelea wale mabonge wa laini ya ulinzi tu, wale kazi yao kubomoa ukuta wa wapinzani na kumfikia kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi), wengine sina utaalamu nao.

Cha kwanza niliacha kuangalia mpira. Ngumu kweli, jicho linaufuata lenyewe, ila nikajilazimisha nimfuate mtu mmoja mechi nzima, senta, yule anayeanzisha mchezo, akiurusha tu mpira nyuma nasimamisha video narudisha naangalia nani kanyanyuka wa kwanza, halafu mikono yake inatua wapi, kifuani kwa mwenzie au inapapasa hewani.

Darasa langu lilikuwa video za Aaron Donald akiwa chuo cha Pittsburgh. Msimu wa 2013 alikuwa na saki 11 (saki ni kumwangusha kwotabeki kabla hajapasia), na kuangusha watu nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo mara 28.5 (nusu ni ile mnaangusha wawili mnagawana), akabeba na tuzo kubwa za wachezaji wa chuo, Outland, Lombardi, Bednarik na Nagurski, na bado watu wanaguna eti mfupi. Futi 6 na inchi 1, kilo kama 129, kwa mtu wa katikati wanataka zaidi ya hapo. Sasa tafuta mechi yao na Georgia Tech mwaka huo. Georgia Tech walikuwa wanacheza opsheni, kwotabeki anamwekea mkimbiaji mpira tumboni halafu anaamua aachie au auvute, yaani wewe mlinzi ubabaike uchague wa kumfuata. Kuna mchezo mmoja Donald kawahi mpaka kawakuta wote wawili bado wameushika, akawakumbatia wote akawalaza chini! Pitt walifungwa siku ile lakini mimi matokeo sikuwa na shida nayo. Ule ufupi waliokuwa wanaulalamikia ndio uliokuwa unamsaidia, maana anaingia chini ya kifua cha gadi, yule bonge wa upande wa mashambulizi anayemzuia, na kwenye laini aliye chini ndiye anayesukuma.

Namba za mazoezi ya Indianapolis, pale vijana wa chuo wanapopimwa mbio na nguvu mbele ya timu za NFL, naziangalia mwisho kabisa. Donald alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68, safi sana kwa mwili ule, ila kuna Vernon Gholston wa Ohio State, saki 14 msimu wa 2007, akanyanyua chuma cha pauni 225 mara 37, timu ya Jets ikamchukua namba 6 kwenye drafti (timu za NFL zinachagua vijana wa chuo kwa zamu) ya mwaka 2008. Saki zake NFL? Sifuri. Hata moja jamani.

Ndio maana saki naziandika moja moja zilipatikanaje. Kuna za bure, kwotabeki kang'ang'ania mpira hakuna wa kumpasia, au kakimbia mwenyewe kaingia mikononi mwa mtu, hizo nazikata. Ninachotafuta ni mbinu ya kwanza ikigoma ana ya pili? Akibanwa na watu wawili anarudishwa nyuma au anang'ang'ania pale pale? Na robo ya nne, mbavu zinamwaka, bado anatoka kama robo ya kwanza? Nachagua mechi dhidi ya timu ngumu, zile za kuwapiga wapinzani pointi 50 hazikufundishi kitu.

Donald kwenye drafti ya 2014 alienda namba 13, timu ya Rams wakiwa bado St. Louis. Mlinzi bora wa ligi mara tatu, 2017, 2018 na 2020. Timu nne kabla ya hapo zilichukua watu wengine wa ulinzi. Nenda kaangalie majina mwenyewe.

Mkitaka kuanza, video za TV zinatosha kwa hawa mabonge kwa sababu kamera inaanzia kwao kila mchezo. Ila msiniulize habari za mabeki wa pembeni, wale TV haiwaonyeshi mpaka mpira uwafikie, hapo mtu yeyote anayekwambia kawasoma kwa video za TV anakupiga kamba.