Ile nane aliyoiandika kapteni

Juzi mwanangu alikuwa anarusha ndege kwenye kompyuta, akaangusha mara tatu mfululizo akijaribu kutua, akanigeukia, "Mama, mbovu hii ndege au mimi?" Nikakosa jibu. Swali hilohilo lilishaninyima usingizi wiki nzima.

Enzi zile ndo kwanza nimeingia kwenye timu ya kubuni ndege mpya, kazi yangu ilikuwa kupanga mkia uitikie vipi fimbo ya rubani. Ndege yenyewe haikuwepo, hata bati moja lilikuwa halijakatwa, ilikuwa namba tu, uzito, umbo la mabawa, vipimo vya handaki la upepo, lile la kupulizia hewa mfano wa ndege, tunavimwaga vyote kwenye simuleta, chumba cha rubani cha kuigiza chenye skrini, afu rubani wa majaribio anaingia kurusha kitu ambacho hakijazaliwa. Mi naipenda hiyo kazi mpaka leo. Kosa likionekana pale unafuta mistari ya programu, likisubiri mpaka angani kuna mtu ndani.

Asubuhi ilienda vizuri, kupaa, kukata kona, kuzima injini moja, sawa tu. Mchana tukamwomba kapteni, huyo rubani wetu wa majaribio, atue na upepo wa ubavuni.

Nilisimama nyuma ya kiti chake, macho yangu kwenye mkono wake wa kulia. Mpaka futi 50 mkono umetulia kabisa. Pua ikainama kidogo, akavuta, ndege kimya, akaongeza kuvuta, mara ikaitikia yote kwa mpigo, pua juu, akasukuma, kimya tena, akaongeza, pua chini, yaani kila akirekebisha anazidisha, mishipa ya mkono imemsimama na fimbo inaenda mbele nyuma kama anatwanga. Magurudumu yakagonga lami, skrini ikaganda. Zikabaki kusikika feni za kompyuta tu.

Akavuta karatasi ya Cooper-Harper, ile skeli ya 1969 ya rubani kupimia ndege inavyorushika, 1 ndege safi, 10 imekushinda kabisa. Akayafuata maswali yake kwa ncha ya kalamu, taratibu, moja moja, akaandika 8.

"Binti, pale mwisho sikuwa nairusha, nilikuwa napigana nayo."

Iliniuma, maana hesabu nilizirudia usiku ule na zilikuwa sahihi. Lakini nilijua haya yameshawakuta mabingwa, Oktoba 1977 Enterprise, ile shuttle ya anga ya majaribio ya Marekani, iliyumba hivyohivyo ikitua kambi ya Edwards, na 1989 Gripen, ndege ya kivita, ile ya kwanza ya majaribio ikaanguka ikitua kule Sweden, bahati rubani akapona.

Tukachimba, tukakuta picha ya simuleta yenyewe inachelewa. Macho ya rubani yakiona kitu kimechelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde, mkono wake unakuwa nyuma ya ndege, anarekebisha jambo lililokwisha pita. Wenzangu wakairekebisha picha. Wiki hiyohiyo na mimi, kwa presha ya ratiba, nikabadilisha mwitikio wa mkia. Kapteni akarudi, akatua vizuri, akaandika 3. Watu wakapiga makofi.

Vitu viwili vilibadilika kwa pamoja, na simuleta ile hatukupewa tena siku za kujaribu kimoja kimoja. Kwa hiyo sijui, mpaka leo sijui ile 8 ilikuwa ya mkia wangu au ya picha.

Nikavuta kiti nikakaa nyuma ya mwanangu, nikamwambia atue tena asibadilishe chochote, nataka kuuangalia mkono wake.