Nafasi imekwisha, lakini si ya diski
Jana usiku hapa Ntinda nimeganda kwenye perf, zana ya Linux ya kufuatilia programu zinavyofanya kazi, mpaka saa nane, nilitaka kuchunga anwani nne za memori kwenye CPU zote nione nani anaziandikia, kila nikijaribu inanirudishia ENOSPC, yaani nafasi imekwisha, nikacheki kwa df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, diski iko nusu tupu! Huo ujumbe unapoteza watu kweli. Kumbe ni rejista, vihifadhi vidogo ndani ya prosesa, na prosesa za x86 (kama za Intel na AMD) zina nne tu za anwani za kuchunga, DR0 mpaka DR3, basi, na kerneli, yaani kiini cha Linux, inazihesabu kwanza kabla haijakupa. Na dirisha la pili kulikuwa na gdb, programu ya kusaka hitilafu, inachunga veriabo moja, nne na moja tano, ikagoma. Nikafunga gdb, perf ikakubali hapo hapo.