Mama anakesha, mimi nacheza wakati wa matangazo

Tangu nirudi Bagamoyo kwa likizo, kuanzia soko la samaki mpaka kwa shangazi Magomeni, naulizwa jambo moja: mbona hatukuoni kwenye TV? Wanauliza kwa adabu, ila najua mawazo yanakoelekea. Mtu kaenda Marekani, kasema ananengua kwenye mechi za NBA, ile ligi ya kikapu ya kulipwa ya kule, katuma picha za sare inayometameta kwenye grupu la ukoo, halafu mechi inaoneshwa na yeye hayumo. Binamu yangu mmoja keshatoa hukumu kwamba lazima nafanya usafi pale ukumbini. Wala hajanitukana. Wapo wafagizi pale wenye ajira ya kudumu na bima ya afya, vitu ambavyo kwenye unenguaji sijavionja.

Mama ndiye anayenitia simanzi. Analipia kifurushi cha michezo, yeye asiyejua hata kikapu cha mbali kinahesabiwa pointi ngapi. Mechi inayoanza saa moja jioni kwenye majimbo ya mashariki ya Marekani, Bagamoyo ni saa tisa usiku. Machi wakisogeza saa zao mbele, inakuwa saa nane. Anaamka, anajifunga khanga, anakaa kwenye mkeka na sauti kaipunguza ili bibi asiamke. Kocha anaomba muda, wachezaji wanakwenda benchi, mama anasogea karibu na kioo, na hapohapo linaingia tangazo la gari. Likiisha, mpira unadundwa tena. Asubuhi ananitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, leo pia hawakukupanga?"

Nilipangwa. Wakati lile gari linapanda mlima kwenye TV ya mama, mimi nilikuwa katikati ya uwanja.

Ngoja nieleze, maana ukilijua hili umeijua kazi yote. Mechi ya NBA ina robo nne za dakika 12. Hizo ni dakika 48 za mpira, lakini aliyekata tiketi anakaa mle ndani zaidi ya saa mbili, kwa sababu saa husimama kila mchezo unaposimama. Kila timu ina haki ya kuomba mapumziko mafupi mara 7, na kwa kanuni kila moja ni sekunde 75. Timu zisipoomba, mchezo unasimamishwa kwa lazima: saa ikishuka chini ya dakika 7, na tena ikishuka chini ya dakika 3, katika kila robo, filimbi ya kwanza itakayolia ni ya mapumziko. Haya ya lazima yamewekwa ili televisheni iuze matangazo yake, na ndiyo maana hurefuka kupita zile sekunde 75. Sasa watu karibu 18,000 walioko ukumbini hawana tangazo la kutazama, na hawawezi kuachwa wakitazamana. Tunaletwa wanenguaji, anakuja yule kikaragosi wa timu kurusha fulana, mtoto anaitwa kutupa mpira kutoka katikati ya uwanja. Sisi tupo kwa ajili ya kuziba hilo pengo. Kamera ikitupitia, ni kwa sekunde mbili tatu kabla hawajakata kwenda kwenye biashara.

Tunasubiri kwenye njia ya chini inayotokea uwanjani, penye giza na nyaya zimezagaa sakafuni. Mbele yetu anasimama mtu mwenye spika masikioni anayepokea amri kutoka juu. Mpango upo, lakini timu ikiwa inachapwa kwa pointi 20 mpango unavurugwa, wanaona heri fulana zirushwe watu wachangamke. Mara nyingi tumesimama pale mpaka misuli ikapoa, tukaambiwa turudi vyumbani. Siku ikikubali, mtu wa spika anainua vidole: vitatu, viwili, kimoja. Tunakimbia. Dansi yenyewe ni dakika moja au moja na ushee. Unatakiwa uwe umefika mahali pako kabla mdundo wa kwanza haujalia, tabasamu ligawiwe pande zote nne, na muziki ukikatika uwe umeshatoka, maana majitu ya futi saba yanarudi na hayaangalii chini.

Halafu baridi. Ukumbi wetu unatumika pia kwa hoki ya barafu, na barafu ile haiyeyushwi. Inafunikwa tu, kisha mbao za kikapu zinatandazwa juu yake. Mazoezi ya mchana, kabla milango haijafunguliwa na joto la watu halijaingia, ubaridi unapanda kupitia soli mpaka kwenye magoti. Mimi niliyejifunzia kucheza pekupeku, mchanga wa pwani ukiwa bado na joto la jua.

Nilisoma TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wazee wa hapa bado wanaiita Chuo cha Sanaa, jina lililoanza nalo mwaka 1981. Juzi mvua ya masika ilipokata nilipita kuwatazama wanafunzi wakifanya sindimba. Mpigaji mkuu macho yake yako kiunoni mwa mchezaji. Mchezaji akipandisha, ngoma inampandishia. Akilegea, ngoma inamvizia mpaka apate pumzi. Na mdundiko wa Wazaramo ndio usiseme: unaweza kuanzia mtaa huu alasiri ukaishia mtaa wa tatu magharibi imeingia, na nyuma kuna umati ambao haukualikwa na mtu. Kule kwetu ukumbini hakuna wa kunivizia. Muziki umekatwa na kompyuta mpaka nukta ya mwisho, tunahesabu moja hadi nane, tunarudi moja. Kocha wetu wa dansi aliniambia siku za mwanzo kwamba mwili ninao, ila nasikiliza mno. Msimu mzima ulipita ndipo nikamwelewa. Nilikuwa nangoja mpigaji aniambie nibadilishe, na mle ndani hakuna mpigaji.

Raha ipo, nisije nikaonekana nimerudi kulia. Kuna usiku mechi imebanana, tofauti ni pointi moja, robo ya mwisho inayoyoma, na kelele za ukumbi zinakuingia kifuani kiasi kwamba husikii muziki kabisa. Unacheza kwa kumtazama mwenzako begani. Usiku huo unatoka pale mkono unatetemeka, na usingizi huupati mpaka alfajiri. Sijawahi kupata kitu kama hicho jukwaani, hata kwenye Tamasha la Bagamoyo watu wakiwa wamefurika.

Haya, pesa. Nitasema wazi kwa sababu kijana mmoja wa bodaboda ameshaniomba mtaji wa bajaji. Mchezaji wa mpira analipwa mamilioni ya dola, hilo ni kweli. Mnenguaji analipwa kwa saa za mazoezi na kwa mechi za nyumbani, ambazo ni 41 kati ya 82 za msimu wa kawaida. Za ugenini hatusafiri, tunazitazama nyumbani pamoja na matangazo yake. Mazoezi ni usiku, mara mbili tatu kwa wiki, kwa kuwa kila mmoja wetu ana kazi nyingine mchana: yuko mwalimu, yuko muuguzi, yuko anayesomea sheria. Mimi nabeba boksi kama Watanzania wengine, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi. Siku ya mechi natoka kumwogesha babu wa miaka tisini na kitu, najilaza kidogo kwenye gari, nakwenda kubandika kope. Kope zenyewe nanunua mwenyewe, na nywele vilevile. Fanya hesabu ya saa zote hizo, ugawe, utaacha kuniomba bajaji.

Na huko nyuma ilikuwa mbaya zaidi. Unenguaji wa kikapu ulipata jina mwaka 1979, mmiliki mpya wa Los Angeles Lakers alipoanzisha kundi la Laker Girls, timu nyingine zikaiga. Mwanamuziki Paula Abdul alitokea humohumo. Umaarufu ukakua, malipo yakabaki ya ahsante. Mwaka 2015 mnenguaji wa zamani wa Milwaukee Bucks alifungua kesi kwa niaba yake na wenzake, akidai malipo yao ukiyagawa kwa saa walizofanya kazi hayafiki hata kima cha chini cha nchi, dola 7.25. Timu ilikubali kumaliza shauri kwa dola 250,000. Mwaka huohuo wa 2015 California ikatunga sheria kwamba wanaonengulia timu za kulipwa ni waajiriwa kamili. Mimi nimekuja kula matunda ya ugomvi wa wengine: nikiingia mazoezini nasaini saa, nikitoka nasaini saa.

Shangazi yeye mshahara haumkoseshi usingizi. Tatizo lake ni sare. Nilikwenda kumpa shikamoo, hata kahawa haijamiminwa, akatoa simu.

"Mwanangu, hii nguo mbona imeishia mapajani? Kitambaa kilipungua?"

Nikamwambia ndivyo kazi inavyovaliwa, na siku hizi zimerefuka. Bibi, ambaye tulidhani amesinzia pale kwenye kiti cha uvivu, akafungua jicho moja. "Wewe Mwajuma, kwenye ngoma ya mwali wa dada yako ulikata kiuno mpaka khanga ikabaki chini. Leo unamsema mtoto?" Shangazi alikumbuka ghafla kwamba ana maandazi jikoni.

Mambo yenyewe yanabadilika bila hata ya shangazi. Mwaka 2018 San Antonio Spurs walivunja kundi lao la wanenguaji wa kike, wakaleta kundi la wanawake na wanaume wa kuchangamsha watazamaji, na timu nyingine nyingi zimeelekea hukohuko. Kwetu wanaume wapo, wengine wanapinduka sarakasi, na kuna dansi tunazocheza na suruali pana na raba. Mimi nimefurahi. Wapo wenzangu waliosoma baleti tangu utoto wanaoona wanaondolewa taratibu, na siwezi kuwaambia wamekosea. Shangazi nilipomwonesha picha za suruali alisema afadhali, ila wale wanaume wamenishika kiunoni wa nini.

Na hapana, Hasheem Thabeet simjui. Najua kwamba Memphis Grizzlies walimchukua wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, kama mnavyojua ninyi. Hata wachezaji wa timu yangu siwajui kwa maana mnayoitaka. Mkataba unatukataza mazoea nao. Tukipishana kwenye korido tunaitikiana kwa kichwa, basi. Anayetaka jezi yenye saini akanunue kama watu wengine.

Wanafunzi pale TaSUBa waliniuliza njia. Usaili ni kila mwaka, wakati wa kiangazi chao, na hata sisi tuliomo tunarudi kubandikwa namba kifuani upya. Nikitoka hapa ndiko ninakoelekea, na sina uhakika wa chochote. Wanakufundisha dansi ndefu kwa kasi, unaicheza wanne wanne mbele ya meza ya majaji. Kuna mizunguko ya mguu mmoja, kuna kuruka, kuna kuachiwa muziki ucheze utakavyo. Hapo mwisho Mbagamoyo hashindwi, nawaambia ukweli. Mizunguko ndiyo inayotuangusha, kwa sababu wenzetu wameanza nayo wana miaka mitano. Na kibali cha kazi uje nacho mwenyewe. Mimi nilipata ukaazi kupitia bahati nasibu ya visa kabla sijaota habari ya kikapu, timu haikunitafutia.

Msichana mmoja alinifuata nje baada ya wenzake kuondoka. Ana mkataba mezani wa kucheza ngoma kwenye hoteli Zanzibar, usiku tano kwa wiki, chumba na chakula juu yao, anaogopa akisaini atakosa Marekani. Nilimwuliza hoteli inampa ngapi kwa mwezi. Aliponitajia nikapiga hesabu kwa dola kichwani, nikatoa kodi ya nyumba yangu, mafuta ya gari na kope.

Nikamwambia asaini.