Tulivyowapokea waliorudi kwa bahari wakati wa korona

Daftari lilikuwa la mwani. Upande wa kushoto majina ya kinamama wa kikundi chetu, upande wa kulia kilo walizopimiwa na fedha walizopokea. Machi 2020, ilipotangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Zanzibar, nililigeuza nikaanza kuandika kutoka nyuma: nyumba, idadi ya watu, wazee waliomo, wanaoumwa, umbali wa maji. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya sheha, na niliona siku zinakuja tutaulizwa mambo na hatutakuwa na jibu.

Kwa msomaji asiyekuwa wa Visiwani, shehia ndiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali kwetu. Sheha hachaguliwi kwa kura, huteuliwa, na hukaa na wajumbe wa kamati wanaomshauri. Juu yake ipo halmashauri ya wilaya na madiwani wake. Agizo likitoka juu linateremka mpaka linamfikia sheha, na kutoka kwa sheha linatufikia sisi, tunaopita mlango kwa mlango. Sisi ndio tunaotazamwa usoni na watu.

Kwetu ni kaskazini mwa Pemba, upande wa maweni. Ukichimba kisima unakutana na jiwe, na ukilipita jiwe unaweza kukuta maji ya chumvi. Bomba lipo lakini lina siku zake. Basi agizo la kwanza likawa kunawa mikono kwa maji tiririka, na halmashauri ikatuletea ndoo sita zenye koki, sabuni na mabango. Moja tukaiweka mlangoni mwa msikiti, moja skuli, moja kituo cha afya, nyingine bandarini na madukani. Ile ya msikitini niliitazama siku tatu mfululizo. Alfajiri imejaa. Adhuhuri haijaingia, ukifungua koki inatoa tone moja na pumzi. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, ndoo tumeiona. Anayeijaza nani?"

Swali lile nililiandika kwenye daftari kama lilivyo.

Kuhusu kunawa kwenyewe, watu wetu hawakuhitaji kuhubiriwa sana. Visiwa hivi vimepigwa na kipindupindu mara nyingi tangu miaka ya 1970, na mtu wa makamo kwetu anajua harufu ya klorini kisimani kama anavyojua harufu ya karafuu juani. Kilichokosekana ni maji, pamoja na chombo cha kuyatumia kidogo kidogo. Vijana wa skuli, ambayo ilikuwa imefungwa, tuliwafundisha kutengeneza vibuyu chirizi. Unachukua dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, unapasha msumari motoni, unatoboa tundu moja karibu na shingo. Dumu linatungikwa juu ya miti miwili, kamba inateremka mpaka kwenye kijiti chini. Ukikanyaga kijiti dumu linainama na maji yanatoka uzi mwembamba. Sabuni ya kipande tuliifunga ndani ya kitambaa cha wavu mkuukuu, kuku wasiidonoe. Dumu moja lilitosha nyumba ya watu wanane kwa siku nzima. Ndani ya wiki mbili sikuona tena haja ya kuyahesabu, yalikuwa kila uwanja.

Ila hayo ndiyo yaliyokuwa mepesi. Uzito ulikuja kwa bahari.

Vijana wetu wengi hawaishi nyumbani. Wengine wapo Unguja mahotelini, wengine Tanga na Dar es Salaam, na wavuvi huenda dago, yaani kambi za uvuvi mbali na nyumbani, miezi mingi. Kenya nako tuna watoto na wajomba, Shimoni, Vanga mpaka Mombasa. Watalii walipoacha kuja, hoteli zikafunga na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Halafu Aprili 8, 2020 Kenya ikazuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Aliyekuwa na nauli na anayejua nahodha hakungoja. Ilikuwa malelezi, bahari shwari baina ya kaskazi na kusi, na boti ya mashine inavuka usiku mmoja. Hawakushukia Wete wala Mkoani. Walishukia bandari bubu, kwenye mikoko, maji yakiwa yamejaa, na kukipambazuka boti imeshaondoka.

Hapo tulikosea, na nilikuwemo kwenye kikao kilichokosea. Tuliamua itangazwe kwenye spika ya msikiti kwamba atakayempokea mgeni kutoka nje bila kutoa taarifa ataripotiwa. Tukadhani tumefanya kazi. Siku nne hakuja hata mtu mmoja kwa sheha. Boti ziliendelea kuja, lakini zilihamia ng'ambo ya mikoko ambako hata sisi hatufiki kwa miguu. Siku ya tano nilikuwa kisimani, mtoto wa jirani wa miaka kama saba anavuta maji, akasema kwa furaha kwamba kaka yake karudi na kamletea viatu. Yule mwanamke aliyesimama nyuma yake akamfinya bega. Mtoto akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza.

Jioni nilikwenda nyumba ile peke yangu. Sikuchukua mjumbe mwengine wala sikumwambia sheha. Mama mwenye nyumba ni mkubwa kwangu, alimjua mama yangu. Nilikaa barazani, mbali na mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na daftari."

"Nimekuja nalo."

"Ukishamwandika tu, kesho polisi hapa. Mwanangu hakuiba. Kafukuzwa na njaa."

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu kwa tangazo letu wenyewe alikuwa anasema kweli. Nilimuuliza tu ndani wanakula nini. Akaniambia muhogo, na samaki akipatikana. Watu tisa, sasa kumi. Maji wanachota wasichana wawili, safari nne kwa siku, na mwanawe ndiye aliyekuwa akituma fedha. Nikamuuliza iwapo mtoto wake atakubali kulala kwenye banda la mwani siku 14, ikiwa chakula na maji atapelekewa pale na hakuna polisi atakayekuja. Alinyamaza muda mrefu. Ndani nilisikia mwanamume akikohoa, kisha akasema mwenyewe, "Nitakwenda."

Usiku ule nilimwendea sheha nikamwambia yote. Nilitarajia anikaripie kwa kutoa ahadi isiyokuwa yangu. Alikaa kidogo akauliza, "Chakula cha siku 14 tunatoa wapi?" Nikajua tumeelewana.

Banda la mwani ni makuti juu na chanja pembeni, upepo unapita kila upande. Kwa maradhi yanayoenea kwa pumzi, sidhani kuna nyumba ya mawe kijijini iliyolishinda. Na kipindi kile lilikuwa halina kazi nyingi, maana wanunuzi walikuwa wamepunguza safari na mwani wa tangu Februari ulikuwa bado kwenye magunia. Kinamama wa kikundi walikubali siku hiyo hiyo. Mmoja tu alikataa, akasema banda ni riziki yetu, na sikumlaumu. Yeye huyo huyo ndiye aliyeleta mkeka.

Chakula tulikusanya kwa kibaba. Kila nyumba yenye uwezo ilitoa kibaba kimoja cha mchele au kipande cha muhogo kwa wiki, na waliokwenda baharini walitoa samaki wawili watatu. Tangazo la spika tulilibadilisha. Sheha mwenyewe alisema kwa sauti yake: anayerudi aje ajiandikishe, hataulizwa kapita bandari gani, atapewa mahali pa kulala, maji na chakula mpaka siku zake zitimie. Juma lile waliandikishwa watu 11, na kabla ya Idi walifika 38. Wengine walikaa mabandani, na wenye chumba cha uani walikaa kwao. Kila asubuhi nilipita nikisimama hatua kadhaa, nauliza homa, nauliza kifua, naandika. Wawili walipopata homa, mhudumu wa kituo cha afya alikuja kuwaangalia pale pale walipo, na siku zao zikaanza kuhesabiwa upya.

Hapo ndipo daftari lilipotufaa kwa halmashauri. Tulikwenda mimi na sheha kwa diwani, naye akatupeleka kwa maofisa. Hatukusema tuna shida. Tulifungua kurasa: hapa watu 38 waliorudi, hizi nyumba zao, huyu mwenye sukari, hizi nyumba 60 ambazo maji yako zaidi ya nusu saa kwa miguu. Ofisa mmoja alilichukua daftari akalisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akalianza upya. Aliniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia wanunuzi wa mwani, maana kilo isiyoandikwa hailipwi.

Hatukupata kila tulichoomba. Tuliomba mchele, tukapata magunia machache tu. Tuliomba bomba lisogezwe, tukaambiwa hilo si la mwaka huu. Tulichopata ni tangi la lita 1,000 la kuweka karibu na mabanda, na malipo ya gari ya ng'ombe kuleta maji ya mapipa mara tatu kwa wiki. Namkumbuka yule ng'ombe kuliko nilivyolikumbuka bango lolote. Ukisikia magurudumu yake kwenye mawe, watoto wanatoka mbio na madumu, na siku hizo ndoo ya msikitini haikukauka kabla ya alasiri. Na bomba nalo halikufutika. Mwishoni mwa 2021, zilipoanza kuzungumzwa fedha za ahueni ya Uviko-19 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, diwani mpya alikuja kwangu kuuliza ile orodha ya nyumba 60. Ilikuwepo.

Ramadhani ilituingilia katikati ya hayo yote. Kwetu futari huliwa kwenye sinia moja, na kumwambia mzee ale kwenye bakuli lake peke yake ni kama kumwambia hatakiwi. Hilo sikuliweza. Baadhi ya nyumba zilifanya, nyingi hazikufanya. Nilichoshika kwa nguvu ni siku ya pensheni jamii. Kila mwenye miaka 70 na kuendelea alikuwa akipokea shilingi 20,000 kwa mwezi, na siku hiyo wazee wote hukusanyika mahali pamoja, wanashikana mikono, wanaulizana hali tangu asubuhi. Hao ndio tuliokuwa tukiwaogopea zaidi. Tuliwagawa kwa vijiji na saa. Chini ya mwembe tukatandika mikeka midogo, kila mmoja wake, umbali wa fimbo mbili. Bibi mmoja alilalamika kwamba hamsikii mwenzake. Basi kijana mmoja, ambaye siku zake 14 zilikuwa zimetimia, akawa anakwenda na kurudi baina yao akifikisha salamu.

Kuanzia Mei 2020 takwimu zikawa hazitangazwi tena, na baada ya Idi watu wakasema yamekwisha. Tangi likahamishiwa skuli. Nami niliweka daftari kabatini, ingawa kila aliyefariki kwa kifua kipindi kile niliuliza alianza lini kuumwa.

Kisha ikaja Februari 17, 2021. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki, na chama chake kilikuwa kimeshatangaza wiki chache nyuma kwamba ameambukizwa korona. Alizikwa kwao Mtambwe, hapa hapa Pemba. Katika shehia yetu sikumjua mtu asiyekuwa na la kusema juu yake, na watu waliokwenda maziko walikwenda kama wanaokwenda kumzika mzazi. Waliporudi hawakuhitaji bango. Yule mzee wa msikitini alikuja na barakoa aliyoshonewa na mjukuu wake kwa kanga, akaniuliza tangi letu liko wapi.

Tulilirudisha pwani siku ya pili. Mabanda yalikuwa na mwani safari hii, tukalisafisha moja tu na kutandika mikeka. Nilikuwa nachora mistari kwenye ukurasa mpya nilipomwona yule mama anateremka kutoka juu, polepole, ameshika fimbo. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na yeye kasimama.

"Mwandike mwanangu wa pili," akasema.

"Yuko wapi, bibi?"

"Bado yumo baharini, anatoka dago. Kanipigia simu. Maji yakijaa alfajiri atafika. Mwambie mwenye ng'ombe alete pipa mapema."