Siku ile mvua haikunyesha

Ni Jumamosi, saa tano usiku, watoto wamelala, na mimi bado nasikia nazi ikikunwa.

Jumapili nilikwenda Majengo kama kawaida. Nikamkuta shangazi uani, amekalia mbuzi, kanga moja kiunoni, nyingine mabegani, sinia mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha kigoda kwa kidevu bila kusimamisha mkono. Ana namna yake ya kukuna. Huanzia ukingoni mwa kizio, akazunguka, akazunguka, nazi ikashuka nyeupe tupu, na akifika karibu na kifuu, pale penye ngozi ya kahawia, huacha. Hajawahi kuniambia kwa nini anaacha mapema hivyo. Tui lake linajibu.

Akasema, "Mwanangu, yule mtoto alinisomea ulichoandika mwaka jana juu ya maziko ya baba yako."

"Abee, shangazi."

"Umeandika vizuri. Nimelia. Lakini siku ile mvua haikunyesha."

Nikamwambia ilinyesha. Nikamwambia naikumbuka, ilianza baada ya Alasiri, wanaume walipolibeba jeneza kwenda makaburini Kariokor, na sisi wanawake tukabaki barazani tukiisikiliza kwenye mabati. Nikamwambia nakumbuka hata harufu ya vumbi likilowa.

Mkono ukaendelea mizunguko miwili mitatu. Kisha akasema, macho yake yako kwenye sinia:

"Unakumbuka ulivyoandika."

Basi. Akaomba nimsogezee chujio, tukaingia habari za bei ya unga.

Unakumbuka ulivyoandika. Wiki nzima nimetembea na maneno hayo. Nimepanda nayo matatu, nimeyapikia ugali, nimeyasikia katikati ya swala, Mungu anisamehe. Kama angesema nimedanganya ningejitetea, maana sikudanganya. Kama angesema nimesahau ningekubali, maana nani hasahau. Yeye alisema jambo la tatu ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: kwamba niliandika, halafu nilichokiandika kikakaa mahali pa kumbukumbu, kikavaa nguo zake, na mimi nikawa nakisalimia kila siku nikidhani ni mwenyewe.

Jumanne mdogo wangu aliondoka kwenda Doha kwa mkataba wa miaka miwili, na Jumatano masjala yetu ya hospitali ikaanza kuhamishia faili za wagonjwa kwenye kompyuta baada ya maneno ya muda mrefu. Wiki nyingine yoyote ningeandika juu ya hayo. Lakini hata pale uwanja wa ndege, Mama akimsomea dua kijana wake mlangoni pa wasafiri, mimi nilimvuta kando nikamuuliza: siku tuliyomzika Baba, mvua ilinyesha?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

"Mvua? Dada, mimi ndiye niliyeshuka kaburini. Nilimlaza kwenye mwanandani kwa mikono yangu. Vumbi lilijaa hadi kwenye kope. Niliporudi nyumbani nilikung'uta viatu pale mlangoni, na wewe ndiwe uliyefagia."

Mimi ndiye niliyefagia. Fagio hilo silikumbuki. Mvua ambayo haikuwepo naikumbuka tone kwa tone, na vumbi la kaburi la baba yangu nililolishika kwa fagio langu mwenyewe limepotea.

Halafu nilipaswa kujua. Baba alifariki Februari, 2014. Februari Nairobi ni mwezi wa jua na upepo mkavu, nyasi za Uhuru Park zimekauka, na mvua ndefu tunazitazamia Machi. Mtoto wa darasa la nne anajua hilo. Nilipoandika mwaka jana ile mvua mazikoni, hata kalenda sikuiuliza.

Usiku wa Jumanne nikatoa sanduku la chini ya kitanda, nikatafuta daftari la kwanza, lile la kurasa 200 lenye jalada la bluu ambalo baadhi yenu mnalijua. Sikuanza kuandika siku ya msiba. Nilianza siku ya arobaini, mwishoni mwa Machi, na mstari wa kwanza kabisa unasema: "Mvua inanyesha tangu asubuhi na nimesahau Baba alivyokuwa akikunja gazeti." Kumbe mvua ilikuwepo, ila si siku hiyo. Ilitoka arobaini ikahamia mazikoni. Na nadhani najua aliyeifungulia mlango. Kwetu tumefundishwa kwamba mvua ni rehema, na nilitaka baba yangu azikwe na rehema ikimshukia. Nilitamani sana, mpaka nikaiona.

Uchungu haukuishia hapo. Niliona aibu mbele ya madaftari yenyewe, yale kumi na moja yaliyomo sandukuni. Nilianza kuandika kwa sababu ya lile gazeti lililokunjwa, kwa hofu kwamba vitu vidogo vya mtu huondoka naye, na nikajiwekea sharti la kitu kimoja kila siku. Kitu kimoja tu, hata kama siku ilikuwa mbaya. Makanga wa matatu anavyokunja noti kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole, mia kwa mia, hamsini kwa hamsini, mkono mmoja ukiwa umeshika mlango. Wale korongo wakubwa wenye vipara juu ya miti ya mzunguko wa Nyayo, wamesimama kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Baba alivyokuwa akituambia, kila tukipita Kariokor, kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Vita Vikuu vya Kwanza, na alivyokuwa akishusha sauti akifika kwenye neno "wengi". Hivi vimenishikilia. Kazini kutwa nzima naandika majina ya wagonjwa, umri, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na kuna siku tarehe ya kutoka ni ya namna ile nyingine. Bila kale kamoja ka jioni nisingekuwa na jambo la kuniambia kwamba siku imepita na nimeiona.

Sasa je, kama mvua si kweli, makanga ni kweli? Korongo ni kweli? Au nimeandika miaka yote hii nikijitungia mji mzuri wa kukaa?

Ndiyo maana Jumatano jioni nilitoka kazini na sikwenda steji moja kwa moja. Nilikwenda kukagua. Nilifanya kama tunavyofanya masjala faili inapotiliwa shaka: unakwenda kwenye rafu, unaitoa, unaisoma upya kama hujawahi kuiona.

Nilianza na mijakaranda ya Barabara ya Kenyatta, kwa kuwa ni msimu wake na kila mwaka nimeiandika. Kila mwaka nimeandika kwamba petali zinadondoka. Nikasimama chini ya mti mmoja, watu wakinipita kwa mabega, nikangoja. Likadondoka moja karibu na kiatu changu, nikaliokota.

Si petali. Ni ua zima. Mjakaranda hauchambui ua lake, unaliachia lote kwa mkupuo, kama kengele iliyokatika kamba. Niliweza kuingiza ncha ya kidole changu kidogo ndani. Kwa nje ni rangi ile isiyokubali kuwa buluu wala zambarau, lakini ndani kooni ni jeupe, na katikati ya koo hilo kuna kijiti chenye vinywele vingi kama brashi ya kusafishia chupa ya mtoto. Miaka yote hii nimepita juu ya maelfu ya maua haya na sikuwahi kuona hiyo brashi. Mti wenyewe ni mgeni, uliletwa kutoka Amerika Kusini, ukapandwa na wakoloni kando ya barabara zao, na leo huwezi kuuliza Oktoba ya Nairobi inafananaje bila kuutaja.

Nikiwa pale pale, ua kiganjani, nikakumbuka chuo, ustadhi na fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni. Shajara, kwa Kiarabu, ni mti. Nimelitumia neno hilo kuita haya ninayoandika miaka nenda miaka rudi na sikuwahi kulisikia ndani yake lile neno la chuoni.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea kifuani. Nilikwenda nikitafuta makosa yangu na nikalipata moja, kubwa, la kila mwaka, na nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa pochi. Kumbe bado kuna kitu cha kuona. Kumbe ua lilikuwa linaningoja na koo lake jeupe, halina habari kwamba nimeliandika vibaya.

Nikashuka Umoja nikapitia kwa mama mboga wetu, naye nikamkagua. Nimewahi kuandika kwamba anakata sukuma wiki nyembamba kama uzi, majani yameviringwa kama mkeka, kisu kinakuja kuelekea dole gumba na hakimkati. Hilo ni kweli. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba dole gumba limevishwa kipande cha tyubu ya baiskeli, cheusi, kimechanikachanika kwa alama za kisu. Nikamuuliza amekivaa tangu lini. "Tangu nianze kazi, mama watoto. Kiko hapo siku zote." Akacheka, akaniongezea dhania.

Ijumaa nikampigia shangazi. Sikutaka kungoja Jumapili.

"Shangazi, siku ile jua lilikuwaje?"

"Jua la Februari, mwanangu. Alipotutoka tu Alfajiri, Mungu amrehemu, mimi sikuweza kukaa kitako. Saa tatu nikafua blanketi zake mbili, ile ya kijivu na ile ya mistari. Mama yako akaniambia ziache. Nikamwambia siwezi kuziacha. Tukazianika kwenye ukuta wa jirani. Adhana ya Adhuhuri ilitukuta zimeshakauka, zinanukia sabuni. Usiku wakajifunika wageni wa Mombasa, maana blanketi hazikutosha."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa jikoni unawapikia watu chai. Sufuria ile kubwa haikukauka."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, nikasikia redio yake kwa mbali, na kuku. Kisha akauliza, "Mtoto amefika Doha salama?" Nikamwambia amefika. Akasema alhamdulillahi, akakata, maana yeye hana mazoea ya kuaga kwenye simu.

Blanketi mbili juu ya ukuta, jua limezishika. Ya kijivu naijua, ina tundu la sigara pembeni kutoka siku zake za ujana. Nilijifunika nayo nilipokuwa na surua. Nimekaa na picha hiyo siku mbili sasa na siichoki. Sikuwapo uani, sikuona, na bado inanikaribia kuliko mvua yangu yote. Mkono wa shangazi umo ndani yake, ukikamua, ukikataa kukaa kitako.

Kwa hiyo leo nimefanya nilichofunzwa masjala. Karani akikosea kwenye faili ya mgonjwa hafuti, hapaki wino mweupe, hachani ukurasa. Hukata mstari mmoja juu ya kosa, maneno ya chini yabaki yakisomeka, kisha hutia sahihi na tarehe pembeni. Nimerudi kwenye yale ya mwaka jana. Mvua bado ipo, mtaiona, imepitiwa na mstari. Pembeni nimeandika: haikunyesha, kulikuwa na jua, blanketi zilikauka kabla ya Adhuhuri, mdogo wangu alirudi na vumbi nami nikalifagia. Nikatia sahihi. Petali nazo nimezikata, miaka yote, moja moja. Imenichukua kuanzia saa mbili.

Ua la Jumatano liko hapa mezani kwenye kisahani. Limenyauka, rangi imehamia kwenye kahawia, lakini ile brashi ndogo ya kooni bado imesimama.

Kuna jambo jingine. Mfereji haujatoa maji tangu Jumatano na tumebakiwa na mtungi mmoja na nusu, sare za watoto hazijafuliwa, na Jumatatu ni shule. Jirani wa chini anasema maji huja saa nane usiku, kwa dakika chache. Nimeacha mfereji wa jikoni wazi na beseni la bati chini yake ili yakianza kudondoka nisikie. Wa bafuni nao niliufungua mchana kujaribu, na sikumbuki kama niliufunga. Mara ya mwisho dari ya huyo jirani ililowa mpaka plasta ikaanguka juu ya kitanda cha mtoto wake. Nimeshaamka mara moja kwenda kuangalia nikaishia kumfunika binti yangu, nikasahau nilichoendea. Ngoja niende tena.