Bruda na Kobe wa Changuu

Jumapili iliyopita, tulipokuwa tukipita kwenye makaburi ya misheni hapa Bagamoyo, binti yangu alisimama mbele ya msalaba mmoja, akahesabu kwa vidole umri wa mmisionari aliyelala pale, akakuta hakufika hata miaka 30. "Baba," akaniuliza, "mbona huyu hakurudi kwao?" Nikamweleza habari za homa, na ni kweli kwamba homa iliwamaliza wengi wa wale waliofika tangu mwaka 1868, lakini njia nzima ya miembe nilikuwa nikimfikiria Bruda.

Ilikuwa 1994, nami nina miaka 14. Wazee watatu wa misheni, yaani Padre, Sista na Bruda, walikuwa wanakwenda Unguja kumuaga mwenzao wa kanisa la Minara Miwili, ambaye maradhi yalimlazimu kurejea Ulaya, na mama, aliyewapikia miaka mingi, akanitoa niwabebee mizigo. Padre alituambia njiani kwamba shirika lao lilianza kazi Unguja kwanza, ndipo likavuka kuja kwetu, kwa hiyo safari ile ilikuwa kama mdogo anayekwenda kumsalimu kaka yake. Basi hadi Dar es Salaam, boti, bandari ya Malindi, vichochoro, futari ya muhogo: hayo nayapita.

Siku ya tatu mwenyeji wao, mgonjwa vile vile alivyokuwa, alishikilia kwamba lazima tuvuke hadi kisiwa cha Changuu. Tulilitazama lile jengo lililokusudiwa kuwa gereza, kisha likatumika kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza, halafu mlinzi akatupeleka kwa kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao, wanne, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Bruda alikuwa seremala. Alikuwa mtu wa Uholanzi kama Padre, lakini hata walipokuwa wawili mezani sikuwahi kumsikia akisema lugha nyingine isipokuwa Kiswahili chetu. Mlinzi alipotueleza kwamba kobe akipapaswa shingo huinuka, Bruda alinipa bakora yake, akapiga magoti polepole mchangani, akaliegemea gamba kwa mkono mmoja. Kwanza alipitisha kidole gumba kwenye maungio ya gamba lile, kama alivyozoea kuukagua ubao baada ya kuupiga randa. Kisha akampapasa shingo. Kobe akainuka kwa miguu yote minne, akanyoosha shingo yake yenye makunyanzi, akatulia, macho nusu yamefumba. Na Bruda, uso wake ukiwa karibu kabisa na ule wa mnyama, akaanza kusema Kiholanzi. Alisema kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, bila kusita, kama mtu anayempa ndugu yake habari za miaka mingi. Padre alivua kofia. Mwenyeji wetu aligeuka akatazama bahari. Mimi nilibaki nimeishika bakora, nikiogopa hata kusogeza mguu.

Katika mashua nilimnong'oneza Padre, nikitaka kujua Bruda amesema nini. "Amempa habari za nyumbani, mwanangu," akajibu, na hakuongeza neno.

Baada ya hapo nilifanya kazi na Bruda karakana miaka tisa. Randa ninayoitumia leo ni yake. Nafasi ya kumuuliza ilikuwapo kila siku, nami sikuitumia, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Watu wakimtaja husema kwamba aliipenda Bagamoyo hata akasahau kwao. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, lakini tangu Changuu neno hilo halinitoki tena kinywani. Alifariki mwaka 2003, akazikwa pale pale kwenye misalaba.

Leo nimemrudisha binti yangu nikamwonyesha kaburi lake. Safari hii hakuhesabu miaka. Aliuliza kama mama yake Bruda aliwahi kufika hapa, nami nikamwambia hapana.