Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Wiki hii moyo wangu uko kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wameanza kuripoti Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utawakuta kwenye foleni ya usajili, bahasha ya vyeti kwapani, shati limelowa jasho kwa sababu wengine wametoka Njombe na Sumbawanga kwenye baridi na joto la Dar hawajalizoea. Wasiopata chumba wanabebana, wawili kitanda kimoja. Jioni simu inaita: "Umekula mwanangu?" Anajibu, "Nimekula mama," wakati bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, halijatoka na tangu asubuhi yuko na chai kavu. Hataki mama alale na mawazo.

Hali hiyo naijua, ndiyo maana nimeshinda kwenye Yeremia 29. Mstari wa 11, ule wa mawazo ya amani na tumaini, tunaupenda wote, na ni haki yetu kuupenda. Lakini kabla ya kufika huko, Bwana aliwaambia watu wake waliochukuliwa mateka Babeli wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, kisha mstari wa 7: "Kautakieni amani mji ule." Sisi hatukuletwa mateka, tumekuja na barua za udahili na maombi ya wazazi. Hata hivyo ugeni ni ugeni. Mwanafunzi mwenzangu, usikae Dar miaka mitatu kama abiria anayesubiri basi Mbezi. Jirani yako wa chumba mfahamu. Uombee mji huu, na kondakta wa daladala anayekufokea pale Mwenge umwombee pia. Danieli naye alikuwa mwanafunzi ugenini, akaazimu moyoni mwake mapema asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, kabla sahani haijafika mezani. Azimu mapema.

Ila baba zangu na mama zangu, naomba mnivumilie, maana neno lililonibana zaidi linawahusu ninyi wenyeji.

Danieli hakuwa peke yake. Walikuwepo Hanania, Mishaeli na Azaria. Huyu binti wa mwaka wa kwanza ana nani? Jumapili tunasema, "Wageni wasimame," tunawapigia makofi, tunawaimbia, wanakaa. Ibada ikiisha kila familia inaelekea kwake, na yeye anarudi hosteli ya Mabibo kushindia maandazi. Jumapili ijayo hasimamishwi tena kwa kuwa si mgeni, na jina lake bado hakuna anayelijua. Hapo ndipo anapotokea mtu mwingine kabisa, mwenye gari na maneno matamu, wa kumuuliza, "Umekula?" Akishapotea tunasema watoto wa chuo wameharibika. Wapendwa, hilo si sawa! Yesu alisema, "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Makofi peke yake hayajawa makaribisho.

Nina ushuhuda. Nilipokuwa mgeni hapa, mama mmoja wa Msewe alinishika mkono mlangoni pa kanisa akasema, "Wewe leo unakula kwangu." Tulikula wali, maharage na mchicha wa nazi, na dagaa kidogo pembeni. Nilikula kwa haya. Tulipomaliza nikasubiri niruhusiwe kuondoka, yeye akanisogezea beseni na sabuni ya kipande: "Haya, osha vyombo, mwenzio anasuuza." Mkono wangu ukiwa ndani ya lile beseni machozi yalinitoka, kwa sababu mgeni haoshi vyombo, mtoto wa nyumbani ndiye anayeosha. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ile nilipewa jembe. Tangu hapo nikawa na mahali pa kupeleka matokeo yangu, na mtu wa kunigombeza nikikosa ibada. Nilipougua malaria wakati wa mitihani, uji ulitoka kwake.

Na chuo chenyewe kilianza kwa kupokewa. Oktoba 1961 kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria tu, hadi 1964 kilipohamia Mlimani. Taasisi nzima ilihitaji mwenyeji, sembuse kijana wa miaka 19?

Kwa hiyo nawasihi wenye nyumba Msewe, Changanyikeni, Ubungo na Sinza: Jumapili hii ongezeni kikombe kimoja cha mchele. Msitafute kuku. Mpeni mtoto chakula mnachokula, kisha mpeni kazi, akune nazi, amsaidie mdogo wa darasa la saba hesabu. Mwulizeni jina la kijiji chao, mwombe naye mkimtaja mama yake kwa jina.

Mwenye nafasi ya mtu mmoja au wawili aniambie kabla ya Ijumaa nimuunganishe nao. Walio Mabibo ni wengi kuliko wa Mlimani, na nauli yao tutachanga kwenye ushirika wa Jumatano.